Kitambaa Chini ya Nyuzi

Siku ya thelathini na tisa Sakariye aliamka akazikagua kucha zake kabla hajamaliza kusema alhamdulillahi. Zilikuwepo zote za mkono wa kulia, ndefu na ngumu, wala hakuna iliyopasuka usingizini. Alishusha pumzi. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, karani wa kuandika vibali vya kusafirisha mifugo, anaamkia kucha! Lakini usiharakishe kumcheka. Siku hiyo, saa kumi na moja jioni, kucha hizo ndizo zilizokuwa ziamue kama ataondoka Galbet, mtaa wa mji wa Garissa, na kuwa mpiga gitaa, au atabaki kwenye kile chumba chake cha mabati na vibali vyake mpaka azikwe.

Za mkono wa kushoto alizikata kila Ijumaa kama Mwislamu yeyote. Za kulia aliziacha, kwa kuwa gitaa la flamenko la Wahispania halipigwi kwa nyama ya kidole, linapigwa kwa ukucha. Ila mama yake, Khadijo, alikuwa amesema wazi: siku arobaini ndio mwisho, dini haina mjadala hapo. Basi kila siku ya arobaini Sakariye alikaa mkekani mbele ya mama, akazikata zote, na kesho yake akaanza upya na vidole butu. Ukucha hufaa kupigia kuanzia kama siku ya ishirini. Ukipiga hesabu, katika kila siku arobaini alikuwa mpiga gitaa kwa siku ishirini tu.

Ofisini walimtania mpaka wakachoka. Hamdi wa meza ya pili alimwita bibi harusi, akamuuliza hina italetwa lini. Sakariye alicheka nao, akaficha mkono chini ya meza, akaendelea kuandika kwa kushoto vibaya vibaya.

Alichokuwa akikitafuta ni kitu kimoja, na wenyewe hukiita pikado. Ni kuzikimbiza nyuzi kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati, vikipokezana: hiki kikipiga kile kinajiandaa, kile kikipiga hiki kinajiandaa, na kimoja kisile zamu ya mwenzake. Ukimsikia anayeiweza, noti zinamwagika kama mtama unaomiminwa kwenye sinia. Ukimsikia asiyeiweza, utaaga mapema. Ujanja wa kuipata haupo. Ni kurudia, na kurudia, na kurudia tena, mpaka vidole vifanye bila kuulizwa.

Kiu hiyo aliipata Nairobi, alipokuwa gitaa la pili katika kikundi cha rafiki yake Alio. Huyo Alio ni mtoto wa mfanyabiashara wa ngamia wa Elwak. Alitumwa Uhispania kusomea uhandisi, akarudi na gitaa na visingizio. Kikundi kilikuwa kimeanza kualikwa huku na huko pale Khadijo alipoteleza uani akavunjika nyonga, miezi mitatu tu baada ya kumzika mumewe, mzee Gelle. Bilan, binti pekee, alikuwa ameolewa Wajir na ana watoto sita. Nani abaki na mama? Sakariye hakungoja kuambiwa. Alirudi Garissa na begi moja na gitaa lililovingirishwa blanketi, akapata ile kazi ya vibali, akajifunza kumwinua mama kitandani bila kumuumiza.

Khadijo aliliona blanketi siku ya kwanza.

"Hiki nini, hooyo?" aliuliza. Hooyo ni mama, na akina mama wa Kisomali huwarudishia watoto wao jina hilo hilo kwa mapenzi.

"Gitaa, hooyo."

"Hapa? Watu wanakuja kumsomea baba yako Kurani kila Alhamisi, na wewe unaniletea nyuzi? Halilii gitaa nyumba hii nikiwa hai."

Alimbembeleza siku tisa. Siku ya kumi mama, ambaye alikuwa mkali lakini hakuwa na roho mbaya, alimwita karibu na kitanda.

"Nimefikiri," alisema. "Vidole ni vyako, Mungu ndiye aliyekupa. Sauti ni yangu, maana inaingia masikioni mwangu na mwa majirani. Chezesha vidole utakavyo. Sauti isitoke. Na kitu chenyewe kisitoke nje ya nyumba hii."

"Wallahi haitatoka," Sakariye akala yamini.

Mama mwenyewe akaomba mkasi. Alikata upindo wa garbasaar yake kuukuu, ule mtandio mkubwa wa begani, akaukunja mara nne na kumpa. Sakariye akaupitisha chini ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, nazo zikafa ganzi kama kamba za kuanikia nguo. Alifurahi siku ile! Alimbusu mama kichwani, akadhani ameshinda.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Kila siku baada ya sala ya alasiri alifunga mlango, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaweka mguu wa kushoto juu ya mtungi wa mafuta mtupu, akaanza. Kwa kuwa nyuzi hazikuwa na la kumwambia, alijitia visikizi masikioni, na simu ikampigia tik, tik, tik ya kushika mwendo. Alianza na mapigo sitini kwa dakika, noti nne kila pigo. Akapanda moja moja. Themanini. Mia. Siku ya arobaini ikifika anakata kucha, anashuka, anapanda tena. Mia na ishirini. Mwezi wa Shaabani uliopita alifika mia na hamsini, mwendo wa mabingwa, akalia kwa furaha. Alilia kimya kimya, maana chumba kile alishakizoea hivyo.

Sasa hebu nikuulize, maana jambo hili hunikera kila nikilikumbuka. Mtu anajifunza muziki miaka mitatu asisikie hata noti moja yake mwenyewe, na asijiulize? Hakujiuliza. Vidole vilikwenda mbio, tik nayo ikaenda mbio, naye akasema tunakwenda pamoja. Alikuwa ameiamini simu kuliko masikio yake, na masikio yenyewe alikuwa ameyaziba kwa mikono yake miwili.

Upande wa pili wa ukuta wa bati alikaa mama. Nyonga ilipoanza kuunga alihamia kwenye kigoda, na kila alasiri alikaa hapo na tasbihi yake. Khadijo alizaliwa kwa wafugaji wa Balambala, na masikio yake yalikuwa ya huko. Mtu alikuwa hajafika langoni, yeye ameshamtaja. "Anab anakuja, kandambili yake moja imekatika." Kweli anaingia Anab jirani, anaburuta kandambili. Lakini juu ya gitaa hakuwahi kusema neno. Hakuuliza anafanya nini humo ndani, hakuuliza amefika wapi. Sakariye akalichukulia hilo kuwa ushahidi kwamba kitambaa kinafanya kazi yake.

Wiki moja kabla ya siku hiyo, Alio alipiga simu.

"Gitaa la pili limebaki wazi," alisema bila hata salamu ndefu. "Novemba tunakwenda Uhispania, miezi miwili, halafu Mungu akijalia tutaendelea huko huko. Wenzangu wanasema nitafute hapa Nairobi. Nimewaambia kuna mtu Garissa. Wewe mengine yote nayajua, pikado ndiyo iliyokuwa imekushinda. Umeipata?"

"Mia na hamsini," Sakariye akasema.

"Wacha! Basi nipigie kwa video Jumamosi saa kumi na moja, nikusikie. Ikiwa ipo, nafasi ni yako. Ikiwa haipo, Jumapili nampa mtu mwingine. Usinilaumu, ndugu yangu, sina muda wa kubembelezana."

Na mlango ulikuwa wazi, jamani, ndilo linaloniuma. Mama sasa alitembea kwa mkongojo. Bilan na mumewe walikuwa wamehamia Garissa mwezi uliopita, nyumba tatu tu kutoka hapo, na Bilan alikuwa ameshasema yeye atamtunza mama. Hakuna aliyemzuia Sakariye. Kilichobaki kilikuwa vidole viwili.

Alimwendea mama kuomba afunguliwe yamini.

"Saa moja tu," mama alisema baada ya kufikiri. "Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja. Na utalisha maskini kumi, ndiyo kafara ya kiapo."

"Nitalisha. Na wewe je, utakwenda kwa Bilan saa hiyo?"

"Niende kwa nini? Nyumba yangu hii. Nitakaa pale ninapokaa."

Jumamosi ikafika. Ilikuwa, kama nilivyosema, siku ya thelathini na tisa, kucha zikiwa katika ubora wake wote. Bahati gani hiyo! Sakariye aliswali alasiri, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaegemeza simu kwenye mtungi wa maji. Hakuthubutu kutoa kitambaa kabla ya saa, maana kiapo ni kiapo. Saa kumi na moja kamili akauvuta ule upindo ukatoka. Akagusa uzi mmoja tu, wa chini. Sauti ikakijaza chumba kizima. Alikuwa amesahau kwamba gitaa lake lina sauti nzuri namna ile.

Alio akatokea kwenye kioo, na kofia yake, na kikombe cha chai mkononi. "Haya. Bismillahi."

Sakariye akapiga.

Kwanza alidhani ni mtandao. Kulikuwa na kitu ndani ya mbio zile, kitu kama punda aliyefungwa mguu. Alipiga mpaka mwisho, akainua macho. Alio alikuwa ameweka kikombe chini.

"Rudia."

"Mtandao unasumbua?"

"Mtandao mzuri. Rudia."

Akarudia, kwa nguvu zaidi, akijikaza kisabuni. Kitu kile kilikuwepo.

"Teremsha," Alio akasema. "Mia na ishirini."

Akateremsha. Kikawepo.

"Themanini."

Alipiga themanini, mwendo alioupita zamani kabisa, na kila noti ya pili ilikuja imechelewa.

"Sitini. Kama siku yako ya kwanza."

Kwenye sitini hakuna pa kujificha. Tak, kikasema kidole cha shahada, kwa nguvu na kwa wakati wake. Halafu, baada ya wakati kupita, kidole cha kati kikaparaza tu uzi: ta. Tak-ta. Tak-ta. Tak-ta. Sakariye akaacha kupiga.

"Umesikia?" Alio aliuliza kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Nimesikia."

"Cha kati kinachelewa, tena hakipigi, kinagusa. Noti ya kwanza ipo, ya pili haipo. Ulijifunza vipi, Sakariye?"

Akainua upindo wa garbasaar akauonyesha kwenye kamera. Akaeleza mapatano, na visikizi, na tik. Alio alisikiliza, kisha akafunika uso kwa kiganja.

"Kitambaa hicho kilikuwa kinainua uzi kutoka chini," alisema hatimaye. "Kidole kikishuka, nguo inakirudisha. Cha shahada kina nguvu, hakikuihitaji. Cha kati kilikuwa kinaegemea nguo muda wote. Sasa nguo haipo, kinaanguka. Ungekisikia siku ya kwanza ungekirekebisha siku ya pili."

"Nipe mwezi mmoja. Nitalala nayo, Alio. Nitaacha kazi. Wallahi, mwezi mmoja tu."

"Angekuwa mtu asiyejua, ningempa mwezi. Wewe unajua, ndugu yangu. Umekariri kwa miaka mitatu, ila umekariri kosa, na mkono haujui kama ni kosa. Nimewaona wa namna hii huko Uhispania. Wanahangaika miaka, na kwa wengi wao kosa halitoki. Samahani. Nisalimie mama."

Kioo kikawa cheusi. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Saa moja aliyoiomba kwa mama kwa heshima zote ilikuwa haijafika hata robo.

Alijaribu, usidhani hakujaribu. Alikiamuru kidole cha kati kije kwa wakati, kikaja, akakiamuru tena, kikaja, akasema moyoni basi, inawezekana. Mara ya tatu kikarudi kwenye kuburuta kwake, na akiongeza mwendo ndiyo kabisa. Alipiga mara mia. Alipiga mpaka kidole kikaanza kujikunja chenyewe kuelekea kiganjani kama mtu anayekataa kusalimia. Akakitazama. Kidole chake mwenyewe, alichozaliwa nacho, hakikuwa kikimsikia tena. Miaka mitatu, alijiambia, kila siku ya Mungu, na ningelala tu mchana kama watu wengine leo ningekuwa na mkono mzima. Hapo akakata tamaa, na alijua kwamba amekata.

"Sakariye," mama aliita kutoka upande wa pili.

Alitoka. Khadijo alikuwa kwenye kigoda chake, tasbihi mkononi.

"Wamekukataa," mama alisema.

"Umejuaje?"

"Nimemsikia mwenzako akikuteremsha. Mbio, halafu polepole, halafu polepole zaidi. Baba yangu alifanya hivyo kwa ngamia tuliyemshuku mguu. Ukimtembeza polepole, ule mbovu unajitoa wenyewe."

"Basi umeusikia."

"Mguu huo naujua zamani, hooyo."

Sakariye alisimama pale pale. "Zamani ya lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Kitambaa kilinyamazisha nyuzi, kucha hakikuzinyamazisha. Ukuta ni bati. Kila alasiri nilikuwa nasikia, mmoja unakanyaga, wa pili unaburuta. Nikasema labda ndivyo mchezo wa huko kwao ulivyo. Mimi nitajua wapi mambo ya Wahispania?"

"Kwa nini hukuniambia?" Alipaza sauti. Alikuwa hajawahi kumpazia mama sauti tangu azaliwe, na wote wawili walishtuka. "Neno moja tu! Ungesema neno moja, hooyo!"

"Tulipatana sauti isitoke," Khadijo alisema. "Ningesema nasikia, ungejua umevunja yamini, nawe ungeacha siku hiyo hiyo. Nakujua. Ungeacha, ungefunga begi moyoni hata kama miguu imebaki hapa. Mimi nilikuwa nimelala na nyonga yangu, mume wangu yuko kaburini, na kila alasiri namsikia mwanangu upande wa pili wa ukuta. Sikutaka anyamaze. Nikajitia hamnazo. Kidole kinatibika?"

"Hakitibiki."

Mama alilia. Alilia kwa sauti, yeye aliyezuia sauti, na majirani wakasikia. Sakariye alikuwa ameshamsamehe moyoni. Aliingia chumbani akachukua kikata kucha, akarudi, akakaa mkekani mbele yake kama kila siku ya arobaini.

"Bado kesho," mama akasema.

"Najua."

Alizikata moja moja, akaanza na ya kidole cha kati. Alizikusanya kwenye upindo wa garbasaar, akaukunja mara nne, akaenda kuufukia uani.

Kesho yake baada ya alasiri alifunga mlango kwa mazoea, akakaa ukingoni mwa kitanda. Gitaa lilikuwa limerudi ndani ya blanketi. Visikizi alikuwa ameviacha mezani. Kwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu alikaa saa hiyo na masikio wazi, na kupitia kwenye bati akasikia kitu: punje za tasbihi, moja, halafu moja, halafu moja, kidole gumba cha mama kikizisukuma kwa mwendo uliolingana kabisa. Alikuwa hapo siku zote, karibu hivyo. Mtu angeweza kumgongea ukutani na kumuuliza.

Kisha punje zikasimama. Sakariye akajua kwamba mama anasikiliza, akautazama mkono wake wa kulia. Hakuwa na kitu cha kumsikilizisha.